Kipimo cha Usomi: Makala Fupi za Walimu na Jarida la Wataalamu

Pana jambo moja katika taaluma za lugha, fasihi na historia ambalo huzungumzwa sana pembeni mwa mikutano ya walimu, lakini ni nadra kuandikwa. Jambo lenyewe ni hili: je, makala fupi aliyoiandika mwalimu katika taarifa ya chama chake, au katika gazeti, au katika kijarida cha mkoa, ihesabiwe kuwa kazi ya usomi, ama ihesabiwe kuwa burudani ya wakati wa likizo? Vyuo vikuu vingi vimekwisha kutoa jibu lao. Anayetaka kupandishwa cheo hutakiwa kuonyesha makala zilizopitiwa na wataalamu kabla ya kuchapwa katika majarida yanayotambuliwa, na pengine kitabu kilichotolewa na kampuni yenye jina. Yaliyobaki huandikwa mwishoni mwa orodha chini ya kichwa cha "mengineyo", na kwa kawaida hayapewi alama yoyote.

Namfahamu mwalimu mmoja wa huku kwetu, mashariki mwa Uganda, aliyekaa miaka mingi akiandika habari za Kiswahili kinachosemwa viwandani na sokoni Jinja. Makala zake zilikuwa fupi, kurasa mbili au tatu, lakini kila moja ilikuwa na jambo ambalo halijaandikwa mahali pengine. Alipoomba nafasi ya kufundisha chuoni, aliambiwa kwamba hana hata andiko moja. Hakuambiwa kwamba maandishi yake ni mabaya, wala hakuna aliyeyasoma ili kuyahukumu. Yalikataliwa kwa sababu ya mahali yalipotokea. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa mambo, na ndilo ninalotaka kulihakiki katika kurasa hizi.

Tuanze na historia ya lugha yetu wenyewe. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoziunganisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar ilianza kazi mwaka 1930, na mara ilianza kutoa taarifa yake. Taarifa hiyo haikuwa jarida la wataalamu kama tujuavyo majarida leo. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za mikutano, orodha za maneno, habari za vitabu vilivyokubaliwa kutumiwa shuleni, na maelezo mafupi ya watu waliokuwa na hamu ya lugha: maofisa wa elimu, wamisionari, walimu. Kamati ilihamahama, katika miaka ya 1950 makao yake yalikuwa hapa Uganda, Makerere, kisha ikaenda Mombasa, na hatimaye Dar es Salaam. Taarifa nayo ikabadili jina mara kadhaa, hata ikaitwa *Swahili*, na baadaye *Kiswahili*. Leo jarida hilo hutolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mtu akichapisha humo huhesabiwa kuwa msomi bila ya swali. Basi mama wa jarida hili la heshima ni taarifa ya kamati. Kama wataalamu wa mwaka 1930 wangaliambiwa kwamba taarifa si mahali pa elimu, wangaliandika wapi?

Mfano wa pili watoka Mombasa. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi ndogo ya Kiswahili iliyoitwa *Sahifa*, na mwaka 1932 akatoa gazeti la *Al-Islah*. Katika karatasi hiyo alizungumza na watu wa mji wake juu ya elimu, dini, desturi, siasa na hali ya Waislamu wa pwani chini ya ukoloni. Makala zilikuwa fupi, kwa kuwa karatasi ilikuwa ndogo na wasomaji walikuwa na shughuli zao. Hazikupitiwa na jopo la wataalamu kabla ya kutolewa. Hata hivyo zilikusanywa katika kitabu cha *Uwongozi*, na mwaka 2017 zilitolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza na kampuni ya Brill, chini ya uhariri wa Kai Kresse, ili wanazuoni wa dunia wapate kuzisoma kama fikra za mwanachuoni wa Afrika Mashariki. Tazama jinsi mambo yanavyokwenda: anayeandika leo *juu ya* Sheikh Al-Amin hupewa alama za usomi, lakini anayeandika leo *kama* Sheikh Al-Amin huwekwa katika "mengineyo".

Na wala mfano huo si wa peke yake. Kaluta Amri Abedi hakuwa profesa. Alikuwa mshairi, mhubiri na baadaye kiongozi wa serikali. Lakini kijitabu chake cha *Sheria za Kutunga Mashairi*, kilichotoka mwaka 1954, ndicho kilichokuwa msingi wa mjadala wa ushairi kwa miaka mingi. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, na vijana wengine wakafuata njia ya mashairi yasiyofungwa na vina na mizani, waliopinga na waliounga mkono wote walilazimika kurejea kwa Amri. Vilevile Shihabuddin Chiraghdin alikuwa mwalimu wa shule, naye Mathias Mnyampala hakushika kiti cha chuo kikuu. *Historia ya Kiswahili* waliyoiandika ilitolewa mwaka 1977 wakati wote wawili wamekwisha kufariki, na mpaka leo hakuna anayefundisha chimbuko la lugha hii akaweza kuwapita bila ya kuwataja, ama kwa kukubaliana nao ama kwa kuwapinga.

Sasa tuje Uganda. Gazeti la *Transition* lilianzishwa Kampala na Rajat Neogy mwaka 1961. Lilikuwa gazeti la fasihi na siasa, lenye barua za wasomaji, mashairi na mabishano. Mwezi wa Juni 1962 waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere. Mwaka uliofuata, katika *Transition*, Mnaijeria Obi Wali alitoa makala ya kurasa chache tu, akasema kwamba fasihi ya Afrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya imefika ukutani. Makala hiyo iliamsha mabishano makali. Ezekiel Mphahlele alijibu. Chinua Achebe akaeleza msimamo wake katika gazeti hilohilo mwaka 1965. Na Ngũgĩ wa Thiong'o alipoandika *Decolonising the Mind* mwaka 1986 alirudi kwenye swali lile la Wali. Sidhani kwamba sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi hii twaweza kutaja kurasa tatu nyingine zilizofanya kazi kubwa zaidi ya hizo kwa ajili ya heshima ya lugha za Kiafrika. Nazo zilikuwa kurasa za gazeti.

Msomaji atasema: umechagua majabali, lakini gazeti huchapa mengi, na mengi yamesahauliwa kwa haki. Hilo ni kweli. Kwa hiyo yafaa tuchukue mfano usio wa majabali, mfano wa hapa kwetu Busoga, tuuhakiki kwa uzuri wake na kwa upungufu wake.

Yekonia Lubogo alikuwa mtumishi wa serikali ya wenyeji ya Busoga. Katika wakati wake wa kazi alikusanya habari za koo, watawala, mipaka na mila za Wasoga, akaziandika kwa Kiluganda. Kazi hiyo ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kutolewa hapa Jinja mwaka 1960 kwa jina la *A History of Busoga*. Lubogo hakufuata kanuni za chuo kikuu. Mara nyingi hamwambii msomaji ni nani aliyemsimulia jambo fulani, wala ni lini. Pia alikuwa mtu wa utawala, na mtu wa utawala huiona nchi kupitia orodha ya watawala. Katika nchi kama Busoga, iliyokuwa na himaya ndogondogo nyingi na si ufalme mmoja, orodha ya watawala ni jambo la kushindaniwa: kila nyumba hupenda ionekane kuwa ya kale kuliko jirani yake. Msomaji asiye na hadhari aweza kuchukua madai ya nyumba moja akayafanya historia ya wote.

Huo ndio upungufu wake, na ni upungufu mkubwa. Lakini tazama yaliyotokea baadaye. David William Cohen, mwanahistoria Mmarekani, alifika Busoga katika miaka ya 1960, akakusanya masimulizi kwa koo mbalimbali, akatoa *The Historical Tradition of Busoga* mwaka 1972 na *Womunafu's Bunafu* mwaka 1977. Mwaka 1986 alitoa kitabu kingine chenye matini za masimulizi yenyewe ya Busoga. Kazi yake iliweka ukoo na masimulizi yake mahali pa orodha tupu ya watawala. Lakini hakuanza kwenye uwanja mtupu. Alimkuta Lubogo amekwisha kutangulia, na wengi miongoni mwa wazee ambao Lubogo aliwasikia walikuwa wamekwisha kuzikwa. Usomi wa Cohen ulikuwa katika kupima, kulinganisha na kusahihisha. Usomi wa Lubogo ulikuwa katika kuwahi. Kuwahi nako ni sehemu ya elimu, maana jambo lisiloandikwa kwa wakati wake haliwezi kusahihishwa na mtu yeyote baadaye. Wahenga walisema: mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Kutokana na mfano huu twaweza kuona kosa la kipimo cha sasa. Kipimo hicho kinachanganya mambo mawili: *ubora* wa kazi na *mlango* ilioingilia. Kupitiwa na wataalamu kabla ya kuchapwa ni njia moja ya kutafuta ubora, nayo ni njia njema. Huzuia uzushi, humlazimisha mwandishi kusoma waliomtangulia, na humwokoa na aibu. Lakini si njia ya pekee. Kuna pia kupitiwa baada ya kuchapwa, yaani makala kuwekwa hadharani pamoja na jina la mwandishi, kisha kila ajuaye akaruhusiwa kujibu katika toleo lijalo. Wali alipitiwa kwa njia hiyo, naye Amri Abedi kadhalika. Katika taaluma za lugha na fasihi, ambamo hoja hukua kwa kujibizana, njia hii ya pili pengine huwa kali kuliko ya kwanza, kwa sababu wanaohukumu ni wengi na wanajulikana kwa majina yao.

Hata huko nje swali hili limekwisha kuulizwa. Mwaka 1990 Ernest Boyer wa Marekani, katika kitabu chake *Scholarship Reconsidered*, alisema kwamba usomi una sura nne: kugundua mapya, kuunganisha yaliyotawanyika, kuyatumia maarifa katika maisha, na kufundisha. Mwaka 2012 kundi la wahariri na wachapishaji wa sayansi lilikutana San Francisco, na tamko lililotokana na mkutano huo lilitaka kazi ya mtafiti ipimwe kwa thamani yake yenyewe, si kwa kipimo cha sifa za jarida lililoichapa. Nayataja haya si kwa sababu ya kutafuta ruhusa ng'ambo, bali kwa sababu wale wanaotuambia kwamba kipimo chao ndicho cha kimataifa yafaa wajue kwamba wenye kipimo wenyewe wamekwisha kukitilia shaka.

Lakini mwalimu wa kawaida ana nini cha kuandika ambacho wataalamu hawana? Jibu nimekwisha kulidokeza: anayo lugha anayoisikia kila siku. Chukua neno *posho*. Katika Kiswahili sanifu posho ni chakula au fedha apewayo mfanyakazi kwa ajili ya kujikimu. Hapa Uganda posho ni ugali wa mahindi wenyewe. Njia ya mabadiliko hayo yaweza kufahamika, maana unga wa mahindi ndio uliokuwa ukigawiwa vibarua, askari na wanafunzi, hata jina la mgao likawa jina la chakula. Au chukua *mafuta mingi*, jina walilopewa watu waliotajirika ghafla baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na maduka yao kugawiwa wengine. Mwalimu darasani atasahihisha na kuandika "mafuta mengi", na atakuwa amefanya kazi yake ya darasani. Lakini mchunguzi atauliza zaidi: kwa nini *mingi* halifuati ngeli ya jina? Je, ni alama ya Kiswahili cha kambi na sokoni, kisichojali upatanisho? Na kwa nini Waganda, waliokuwa na maneno yao ya utajiri, walichagua Kiswahili kwa jina la dhihaka? Vivyo hivyo *magendo* ya miaka ya 1970, na *panda gari*, amri iliyogeuka kuwa jina la misako ya miaka ya 1980. Maneno haya ni historia ya nchi iliyoandikwa kwa Kiswahili na watu wanaosemekana kwamba hawakipendi Kiswahili.

Na kuna *bodaboda*, neno ambalo wengi hulinasibisha na mpaka wa Busia, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo. Leo linatumika Nairobi na Dar es Salaam bila ya mtu kukumbuka kwamba ni zawadi ya mashariki mwa Uganda. Mzee aliyeendesha baiskeli hizo mwanzoni bado aweza kuulizwa: mlisemaje, na nani alianza? Atakapoondoka, profesa ataandika makala ndefu ya kukisia.

Jambo hili lina uzito zaidi katika nchi yetu. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973, katika utawala ambao wengi hawapendi kuukumbuka. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu watahitajika, na vitabu pia. Vitabu hivyo vikiandikwa na watu wasiojua Mganda, Msoga au Mgisu hukosea wapi anapojifunza Kiswahili, na kwa nini, vitakuwa vya kuazima. Ujuzi wa makosa hayo umo madaftarini mwa walimu wa Jinja, Iganga na Mbale. Kama tunawaambia kwamba kuyaandika hakuna thamani, hawatayaandika.

Hata hivyo, haki haidaiwi kwa mkono mtupu. Kurasa za walimu zina dosari zake, na yafaa tuzihakiki kwa ukali uleule. Makala nyingi hazisemi habari imepatikana wapi. Nyingine hutoa asili ya neno kwa kufananisha sauti tu, kana kwamba maneno mawili yakifanana ni ndugu. Nyingine hurudia yaliyokwisha kusemwa na wengine bila ya kuwataja. Na mara nyingi matoleo ya zamani hayapatikani, kwa kuwa hakuna aliyeyahifadhi. Kazi isiyopatikana haiwezi kujibiwa, na isiyoweza kujibiwa haiwezi kuwa usomi. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba kila kilichochapwa na mwalimu kihesabiwe. Hiyo itakuwa kuvunja kipimo kibovu na kukaa bila ya kipimo.

Napendekeza basi makala fupi ipimwe kwa maswali manne. Kwanza, je, inasema jambo lisilokuwa limesemwa, au inalipanga la zamani kwa namna inayolifumbua? Pili, je, inaonyesha chanzo chake, yaani nani alisema, wapi na lini, ili mwingine aweze kurudi kukagua? Tatu, je, inawatambua waliotangulia kulizungumza jambo hilo? Nne, je, imehifadhiwa mahali ambapo msomaji wa miaka hamsini ijayo ataweza kuipata? Makala itakayojibu ndiyo kwa maswali yote manne ni kazi ya usomi, hata ikiwa ni ya ukurasa mmoja katika taarifa ya chama. Itakayojibu hapana haitakuwa usomi, hata ikitoka katika jarida lenye jalada la dhahabu.

Ukimpima Lubogo kwa maswali haya, atafaulu swali la kwanza na la nne, na kutatizika katika la pili. Hayo ni matokeo ya haki: yanatuonyesha cha kuheshimu na cha kusahihisha. Kipimo cha "mengineyo" hakituonyeshi kitu, kwa kuwa kimefunga macho kabla ya kusoma.

Vyama vya walimu navyo vina wajibu. Kila toleo liwe na tarehe na nambari, na nakala yake ipelekwe katika maktaba mbili angalau. Pawe na nafasi ya majibu katika kila toleo, na anayesahihishwa achapwe pamoja na anayesahihisha. Mhariri awaombe walimu wawili wasome kila makala, si kwa ajili ya kuifungia mlango, bali kwa ajili ya kumwuliza mwandishi: umeyapata wapi haya? Tukishafanya hivyo, tutakuwa na haki ya kuwaendea wakuu wa vyuo na kuwaambia: someni kwanza, kisha hukumuni.

Wakati tunangojea jibu lao, kazi isisimame. Msomaji wa taarifa hii, hasa kijana aliyeko shuleni mbali na maktaba, achukue neno moja linalosemwa katika kijiji chake na lisilokuwamo katika kamusi, au lililomo kwa maana nyingine. Awaulize wazee watatu. Aandike majibu yao, majina yao kwa ruhusa yao, mahali na tarehe. Aongeze maoni yake kwa uangalifu, kisha alete ukurasa mmoja. Mwenye kujua zaidi atamjibu katika toleo lijalo, na hapo elimu ya Kiswahili cha Uganda itakuwa imepiga hatua moja.